The Beatles: Rock Band kwenye PS3: gita lachelewa, dramu yapiga mara mbili, maikrofoni tatu zaunganishwaje?

MwanaTudor:

Salaam jamani. Naomba msaada wa wanaoijua vizuri The Beatles: Rock Band, ile gemu ya kupiga na kuimba nyimbo za Beatles kwa vyombo vya kuchezea.

Kifaa ni PS3 Slim, TV bapa ya inchi 43, waya wa HDMI. Vyombo vyote ni vya mtumba: gita moja lisilo na waya pamoja na risiva yake ya USB, dramu ya pedi nne na pedali ya mguu, na maikrofoni moja ya USB. Sauti inatoka kwenye spika ya Bluetooth iliyounganishwa na TV. PS3 iko ndani ya kabati la TV.

Shida ni hizi. Nikipiga noti pale inapogusa mstari, gemu inahesabu nimekosa. Nikichelewa kidogo inakubali, lakini si kila mara. Kwenye dramu, pedi nyekundu pigo moja linahesabiwa mawili, na kuna wakati napiga nyekundu ikaitika ya manjano. Halafu tunataka kuimba watu watatu kwa sauti tofauti, na PS3 hii ina matundu mawili tu ya USB. Zinunuliwe maikrofoni gani na ziunganishwe vipi?

La mwisho: nyimbo za ziada nje ya zile 45 za kwenye diski zapatikana wapi? Kuna mtu anauza Xbox 360 iliyotoka Marekani na gemu hiyohiyo na vyombo vyake. Nihamie huko au nibaki na PS3?

KisauniBendi:

Kabla hujashika bisibisi, toa hiyo spika ya Bluetooth. Hapo ndipo penye ugonjwa wa kwanza.

Picha na sauti ni safari mbili tofauti. Noti zinazoshuka zinakuja kwa njia ya picha, wimbo unakuja kwa njia ya sauti, na kila njia ina kuchelewa kwake. TV bapa huchelewesha picha kwa sababu inaichakata kwanza: inakuza, inalainisha mwendo, inaondoa chembechembe. Bluetooth nayo huifunga sauti, huituma hewani na kuifungua upande wa pili, na kazi hiyo mara nyingi hula milisekunde 150 hadi 250. Sasa piga hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, nusu pigo 250, robo 125. Kwa hiyo sauti inayochelewa 200 imeshakupita zaidi ya robo pigo. Jicho linakuambia piga sasa, sikio linakuambia bado, na mkono unayumba katikati. Ndiyo maana inakubali mara moja na kukataa mara nyingine.

Usidanganywe kwamba kalibresheni, yaani kuipimia gemu ucheleweshaji wa picha na sauti, itaziba pengo lote hilo. Kalibresheni inaifundisha gemu ikusubiri, lakini haiwezi kuivuta sauti ije mapema. Ukikosa noti, gemu hukata sauti ya chombo chako ndani ya wimbo, na mkato huo utausikia umechelewa vilevile. Kwa hiyo punguza ucheleweshaji kwanza, kisha ndiyo upime.

Sauti: chukua waya wa 3.5 mm kutoka tundu la hedifoni la TV hadi kwenye wufa, au tumia spika za TV yenyewe. Kwenye mipangilio ya sauti ya PS3 bakiza Linear PCM ya chaneli 2 tu na uondoe alama kwenye Dolby na DTS, ili TV isipoteze muda kuzifungua.

Picha: washa modi ya gemu kwenye TV. Kama haina, TV nyingine ukilipatia tundu la HDMI jina la PC huacha uchakataji mwingi. Zima ulainishaji wa mwendo na uondoaji wa chembechembe. Kwenye mipangilio ya skrini ya PS3 chagua 720p.

Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya gemu, sehemu ya kalibresheni. Magita kadhaa ya kizazi cha Rock Band 2 na kuendelea yana kitambuzi cha mwanga na kimaikrofoni ndani yake: unalielekeza gita kwenye skrini, gemu inajipima yenyewe. Kama lako halina, pima kwa mkono. Jaribio la sauti lifanye umefumba macho, la picha lifanye umezima sauti ya TV kabisa. Watu wengi huharibu hapa: wanapima picha huku wakisikiliza mlio, basi namba inayotoka si ya picha wala si ya sauti. Rudia kila jaribio mara tatu. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya 15 au 20, mkono wako ndio uliotetereka, rudia tena. Ziandike mahali, maana ukibadilisha TV, tundu la HDMI au spika, ni kuanza upya.

FundiMwembeTayari:

KisauniBendi amemaliza upande wa kuchelewa. Mimi nishike dramu.

Chini ya kila pedi kuna kitambuzi cha piezo: kisahani chembamba cha shaba chenye duara jeupe la kauri katikati. Ukipiga pedi, kisahani kinatikisika na kutoa umeme kidogo, saketi inasoma hiyo ni noti. Pigo moja likisomwa mawili, sababu ya kawaida ni gundi kukauka na kuachia upande mmoja. Joto letu na unyevu wa bahari huimaliza gundi haraka. Kisahani kinabaki kimening'inia, ukipiga kinatikisika, kinarudi, kinatikisika tena.

Toa betri kwanza. Geuza dramu kifudifudi juu ya taulo, fungua skrubu kwa bisibisi ya msalaba, na uchore kwenye karatasi ipi imetoka wapi. Kuna ndefu na fupi, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa upande wa juu. Ukifika kwenye piezo, gusa ukingo wake kwa kidole. Ikicheza umeipata. Kwangua gundi ya zamani yote, futa kwa spiriti, ngoja pakauke, bandika kwa tepu ya sponji yenye gundi pande mbili, kipande kimoja kinachofunika sahani yote. Usitumie gundi ya dakika moja. Inakuwa ngumu kama kioo, piezo inakosa nafasi ya kutikisika au kauri inapasuka.

Kama pedi haiitiki kabisa, usiipime piezo kwa omu. Hata nzima itaonyesha haina njia. Weka multimita kwenye volti za AC, gonga sahani kwa kidole: namba ikiruka, piezo ni hai na tatizo ni waya. Waya mwekundu unashika kwenye kauri katikati, mweusi kwenye shaba. Ukiulehemu tumia pasi ya wati 25 au 30 na usikae zaidi ya sekunde mbili, kwani joto linabandua ule utando wa fedha juu ya kauri na ukishabanduka hakuna risasi itakayoshika tena. Piezo ya milimita 27 inapatikana kwa mafundi wa redio, nayo ni kitu cha bei ndogo.

Hilo la kupiga nyekundu ikaitika manjano ni jambo jingine. Mtikisiko unasafiri kwenye plastiki ya fremu hadi kwa jirani. Angalia kwanza skrubu zilizolegea, kaza zote kwa nguvu sawa. Bado ikiendelea, kata vipande vya soli ya ndara kuukuu, unene wa milimita 5 hivi, uvitie kati ya pedi na fremu panapogusana. Soli ile hunyonya mtikisiko vizuri kuliko sponji ya godoro, ambayo hulala baada ya wiki mbili. Na dramu yote iweke juu ya zulia, usiiweke juu ya sakafu tupu. Kama mnakaa ghorofani weka mikeka miwili na zulia juu, maana mlio wa pedali ndio unaomfikia jirani wa chini.

Pedali yenyewe: ndani kuna sumaku kwenye kibao na swichi ndogo ya kioo inayojifunga sumaku ikikaribia. Ikiruka mapigo, mara nyingi sumaku imesogea au springi imelegea. Zile za kizazi cha kwanza ni plastiki tupu na huvunjika katikati chini ya kisigino. Usingoje ivunjike. Pima kipande cha bati la alumini la milimita 2 au 3, kikate umbo la kibao, kifunge juu kwa skrubu nne zenye nati.

MwanaTudor:

Shukran sana wote wawili. Bluetooth imetoka, waya umeingia kwenye wufa, 720p tayari. Kalibresheni imetoa sauti milisekunde 18, picha 52, mara zote tatu karibu sawa. Dramu sasa inafuata wimbo, na piezo nyekundu kweli ilikuwa imeachia.

Gita bado. Noti hupotea ovyo bila mpango, kitufe cha bluu zaidi ya vingine. Na Beatlemania, ile nguvu ya kuzidisha alama, hujiwasha yenyewe mtu akiwa amekaa tu. Ruta ya Wi-Fi iko juu ya lile kabati.

FundiMwembeTayari:

Hayo ni magonjwa matatu, shekhe, usiyatibu kwa dawa moja.

Noti za rangi zote kupotea ovyo ni redio. Risiva na Wi-Fi hugombania masafa yaleyale ya 2.4 GHz, na kabati likiwa na chuma ndiyo zaidi. Tumia waya wa kurefushia USB wa mita moja, itoe risiva nje ya kabati ielekee kwa mpigaji, na ruta isogee angalau mita moja na nusu. Tia betri mpya za AA za alkali kwa jaribio, kisha angalia springi za betri. Ukiona unga wa kijani au mweupe, betri ilivuja. Pamba ya masikio yenye siki kidogo huua ile alkali, halafu spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu iondoe siki, halafu kausha nusu saa. Siki ikibaki itakula chuma yenyewe. Gita likikaa bila kupigwa, toa betri. Kwa hewa ya pwani hilo ni lazima.

Na risiva itunzwe kama funguo ya nyumba. Kila gita linaitambua ya aina yake tu, ya gita jingine haliitaki. Anayeuza gita la PS3 bila risiva anauza pambo la ukutani.

Kitufe kimoja kukosa ni uchafu chini ya mpira wake. Fungua shingo ya gita, inua ule utepe wa mipira, futa vile viduara vyeusi kwa isopropili, polepole, bila kusugua sana. Weusi ule ni kaboni inayopitisha umeme, ukiukwangua kitufe kimekufa.

Beatlemania kujiwasha ni kitambuzi cha mwinamo. Ndani kuna kigololi kinachozunguka gita likisimamishwa. Mtu akikaa, shingo hupanda bila yeye kujua. Shusha mkanda, au ukae gita likiwa limelala kabisa mapajani na uiwashe kwa kitufe cha Select.

SautiYaPili:

Niseme juu ya kuimba, kwa sababu hapo ndipo gemu hii inapozipita nyingine za bendi moja zilizoitangulia. Ilipotoka tarehe 9 Septemba 2009 ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika mfululizo wa Rock Band kuwa na sauti tatu kwa pamoja, na kwa Beatles sauti tatu ndizo wimbo wenyewe.

Maikrofoni: nyingi za USB za waya zinakubali kwenye PS3. Ichomeke, ingia gemu, sehemu ya mwimbaji kujiunga. Ikionekana pale inafaa. Matundu mawili hayatoshi, nunua habu ya USB yenye adapta yake ya umeme, si ile tupu. Tundu moja la PS3 hutoa miliampia 500, na maikrofoni tatu na risiva mbili zikigawana hizo utasikia sauti zikikatika katikati ya ubeti. Ziunganishe zote kabla ya kuwasha gemu.

Huna haja ya kumpa kila mtu mstari wake. Yeyote anaweza kufuata sauti yoyote ya zile tatu, gemu inamtambua aliko. Mkishika mbili pamoja mnapata tuzo ya Double Fab, tatu Triple Fab. Oktava pia haihesabiwi: mwanamke akiimba juu na mwanamume chini noti ileile, wote wamepata. Walioimba kwaya wataona ni jambo la kawaida. Kwa waliozoea taarab ni kazi ngumu zaidi, maana koo lililofundishwa kuipamba noti, kuitikisa na kuizungusha kabla ya kutua, gemu inalisoma kama limetoka kwenye mstari. Ingia noti ikiwa imenyooka, ishike mpaka mwisho wa ule mchirizi, mapambo yaache.

Anzeni kwenye mafunzo ya sauti ndani ya gemu, mstari mmoja mmoja. Anayeimba sauti ya kati ndiye hupotea kwanza kwa kuvutwa na ya juu. Mpeni mwenye sikio makini zaidi, si mwenye sauti kubwa.

Mambo matatu ya chumbani. Pangaboi likiwa juu ya kichwa maikrofoni hulisikia, hasa kwenye sehemu za kunong'ona, kwa hiyo vaa kofia ya sponji kwenye maikrofoni na uishike sentimita tano kutoka mdomoni. Wufa isielekee kwa waimbaji, vinginevyo gemu itamsikia Paul McCartney, mwimbaji na mpiga besi wa Beatles, kutoka kwenye spika na kudhani ni nyinyi. Na punguza sauti ya maikrofoni ndani ya gemu hadi karibu na sufuri. Mtu akijisikia mwenyewe amechelewa hata kidogo, huanza kuburuza.

MakupaRetro:

Xbox iache, kwa sababu ya umeme kwanza. Adapta ya Xbox 360 ya Marekani imetengenezwa kwa volti 100 hadi 127. Ukiichomeka kwenye 240 zetu inakufa papo hapo. Utahitaji transfoma ya kushusha, na kwa kuwa adapta za mwanzo zilikuwa za wati 203, ndogo ya wati 100 itaungua. Chukua ya 500. Tofauti ya hezi 50 na 60 haidhuru. Adapta ya Wii ya Marekani ni hivyohivyo, ya volti 120.

La pili ni maeneo. Gemu za PS3 karibu zote hazina kufuli la eneo, diski ya Dubai, Uingereza au Marekani itasoma. Kwenye Xbox 360 diski nyingi zina kufuli, na kwenye Wii ni kawaida. La tatu, vyombo vya PS3 havifanyi kazi kwenye Xbox 360, wala vya Xbox kwenye PS3. Ukihama unahama na kila kitu.

Nyimbo za ziada: kulikuwa na albamu tatu nzima na wimbo mmoja wa peke yake, vikaondolewa dukani mwaka 2016. Havinunuliki tena. Na nyimbo za gemu hii haziwezi kuhamishiwa Rock Band nyingine yoyote. Kwa hiyo ukiona PS3 ya mtumba inauzwa na gemu hii, kabla muuzaji hajaisafisha, tazama kwenye orodha ya nyimbo kama zimezidi 45. Zikizidi, mwambie asiifute diski ya ndani na asiondoe akaunti. Eneo la zile nyimbo lazima lilingane na eneo la diski yako, vinginevyo zitakaa pale bila kufunguka.

NgomaNne:

Kwa atakayekaa kwenye dramu: Ringo, mpiga dramu wa Beatles, ni mtu wa mkono wa kushoto aliyepiga dramu zilizopangwa kwa mkono wa kulia. Ndiyo maana mizunguko yake, yaani yale mapigo ya kuzunguka dramu, ikishuka kwenye pedi unajiona mkono umefungana. Ukifika kwenye mzunguko unaokushinda, uanze kwa mkono wa kushoto. Mingi hufunguka hapo hapo. Ingia mazoezi, shusha kasi, rudia kipande kile tu mpaka mikono ijue njia, kisha ipandishe kidogo kidogo.

Usitafute zile nafasi za kupiga upendavyo zilizomo kwenye Rock Band nyingine. Hapa zimeondolewa ili wimbo ubaki ulivyorekodiwa. Mpiga dramu anawasha Beatlemania kwa pigo moja la pedi ya kijani linapojitokeza mwisho wa kipimo cha muziki. Ukilipita, subiri jingine.

Waliokulia kwenye chakacha wana faida moja kubwa: zile nyimbo zinazogawanya pigo mara tatu watazishika haraka kuliko za mapigo manne yaliyonyooka. Mguu tu ndio wa kufundisha, maana pedali hapa mara nyingi hukaa kwenye pigo la kwanza na la tatu, na fimbo ya nyekundu kwenye la pili na la nne.

Kuhusu alama: kila noti kumi mfululizo hupandisha kizidishi, hadi mara nne ukifika 30. Besi peke yake hufika mara sita kwa noti 50. Kwa hiyo mkiwa na gita moja tu na mnatafuta nyota tano, aliyeshika gita achague besi. Noti zake ni chache, Paul anazipanga kwa utaratibu unaokaririka, na mlolongo ukishafika 50 bila kukosa, Beatlemania iwashwe hapo, si mapema.